Daktari Aliyeuliza Njia

Skulini tulifundishwa majina ya Wazungu waliopita Unguja katika karne ya 19 mmoja baada ya mwengine, nasi tukayakariri: Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Kila mmoja alifika hapa, akatafuta wapagazi, akavuka kwenda bara, akaenda kusaka mto au ziwa. John Kirk tuliongezewa kwa sababu ya mikataba ya kukomesha biashara ya watumwa, na hata kima punju wa msitu wa Jozani amebakia na jina lake, kwani wanasayansi humwita kirkii. Lakini James Christie sikupata kumsikia darasani hata siku moja.

Nilimjua nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kukaa mbele ya hadubini nikitafuta vijidudu vya malaria katika damu za watu ambao sikuwaona nyuso zao. Kazi ya maabara humzoesha mtu kuamini kwamba ugonjwa ni kile kinachoonekana kwenye kipande cha kioo. Kinachoonekana kipo, kisichoonekana hakipo, na karatasi inarudi kwa daktari imeandikwa neno moja. Rafiki yangu mmoja mpenda vitabu ndiye aliyenipa nisome kitabu kikubwa cha Kiingereza kilichochapishwa London mwaka 1876, kuhusu maradhi ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki tangu 1821 mpaka 1872. Nilikifungua nikitazamia hadithi za dawa na wagonjwa. Nilichokikuta ni njia: njia za misafara, njia za majahazi, njia za mahujaji, masoko, visima, pepo za kaskazi na kusi. Mwandishi wake alikuwa daktari, lakini alivyofanya kazi ni kama mtu aliyepotea mjini, akasimama kila penye kona kuuliza watu.

Christie alikuwa Mskochi. Alifika Unguja katikati ya miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid, akaishi hapa mpaka miaka ya mwanzo ya utawala wa Sayyid Barghash, na kitabuni anajitambulisha kuwa alikuwa tabibu wa Sultani. Cheo hicho tusikidharau. Kilimfungulia milango ambayo mgeni wa kawaida asingefunguliwa, na bila ya shaka kilimfungia mengine, maana tabibu wa mfalme hasimuliwi kila jambo na raia.

Mji aliouona si huu wa watalii. Mji Mkongwe wakati ule ulikuwa karibu kisiwa, kwa sababu mkondo wa maji ya chumvi uliutenganisha na Ng'ambo, pale ambapo sasa tunapita kwa magari kutoka Darajani kwenda Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, ilikuwa bahari. Yakitoka, ilikuwa tope na kila kilichotupwa humo. Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866, alichukizwa na harufu ya pwani ya mji hata akalichezea jina la Zanzibar kwa neno la Kiingereza lenye maana ya uvundo. Wazee wetu hawapendi kuisikia habari hiyo, na mimi pia nilikuwa sipendi, mpaka nilipotambua kwamba London yenyewe mwaka 1858 ilinuka hata wabunge wakataka kuhama Bungeni kwa sababu ya mto Thames. Bandari zote kubwa za zama zile zilikuwa hivyo. Watu wengi walikusanyika pahala padogo, vyoo vikakaribiana na visima, na kila msimu majahazi yakaleta wageni kutoka Maskati, Kachchh, Ngazija, Bukini na Lamu.

Kipindupindu kilikuwa kimeshapita pwani hii kabla ya Christie. Yeye alihesabu miripuko minne: ule wa 1821, wa 1836 na 1837, wa 1858 na 1859, na ule alioushuhudia mwenyewe. Ule wa tatu Burton aliukuta Kilwa mwanzoni mwa 1859, akapoteza mabaharia wake. Mara hizo watu walijua la kutazamia: gonjwa huja kwa bahari, pamoja na majahazi, na aliye bandarini hutazama upande wa maji.

Mwishoni mwa 1869 lilikuja kwa mgongo. Kwanza zilifika habari za watu kufa bara, katika nchi ya Wamasai, kisha misafara ya wafanyabiashara wa pembe ikateremka Pangani ikiwa na wagonjwa, na kutoka Pangani hadi Unguja ni safari ya jahazi isiyofika siku mbili. Miezi iliyofuata watu walikufa mjini na mashamba kwa maelfu kwa maelfu. Kutoka hapa lilishuka kusini mpaka Kilwa na Msumbiji, likaenda visiwani, na likapanda tena bara pamoja na misafara hata likamkuta Livingstone mbali huko Manyema, ambaye aliandika habari zake katika daftari lake.

Daktari mwengine angeandika ripoti ya idadi ya waliokufa, akafunga daftari. Christie aliuliza: limetoka wapi? Likiwa halikuja kwa bahari, limefikaje nchi ya Wamasai? Hapakuwa na ramani ya kumjibu. Bara ile Mzungu aliyeijua alikuwa ni wa kuhesabika, na njia baina ya Pangani na kaskazini ya mbali zilikuwa katika vichwa vya watu tu. Basi akawaendea wenye vichwa hivyo. Akaunganisha maneno ya waliotoka Umasaini na habari za waliofanya biashara kwa Wagala, na hizo akaziunganisha na habari za Uhabeshi na bandari za Bahari ya Sham, mpaka akafika Makka, ambako mwaka 1865 kipindupindu kiliua mahujaji wengi mno, kikasambaa duniani hata serikali za Ulaya zikaitisha mkutano Istanbul mwaka 1866 kuzungumzia habari hiyo tu. Kwa hesabu yake, gonjwa lile lilitembea kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Sham mpaka Pangani kwa muda wa miaka, likipita kwa watu ambao hawakuwa na tarehe zilizoandikwa.

Hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu, na ninajua kidogo ugumu wake, kwa kuwa nimewahi kutumwa mashamba kuuliza watu habari za homa. Ukimuuliza mtu alianza kuumwa lini, hakwambii tarehe. Hukwambia ilikuwa baada ya Maulidi, au mikarafuu ilipokuwa inachumwa, au siku aliyofariki shemegi yake. Lazima ukae, unywe uji wake, uyapange mambo yake yote upya mpaka yaoane na kalenda yako. Christie alilifanya hilo si kwa kijiji kimoja, bali kwa nusu ya Afrika ya Mashariki, na alilifanya wakati ambapo madaktari wengi wakubwa bado walishikilia kwamba kipindupindu hutokana na hewa chafu inayofuka ardhini. John Snow alishawaonyesha Waingereza mwaka 1854 kwamba ugonjwa uko katika maji ya kunywa, na wengi hawakumsadiki. Robert Koch alikuja kumtambulisha mdudu mwenyewe baada ya safari zake za Misri na Bara Hindi za 1883 na 1884. Kitabu cha Christie kiko baina ya hao wawili. Mdudu hamjui, lakini ameshamfuata nyayo zake: gonjwa hutembea na binadamu, kwa kasi ya binadamu, kwenye njia za binadamu, na penye njia isiyopitwa na mtu halipiti.

Jalada la kitabu hicho lina jina moja tu. Jambo hilo limenikera kwa muda mrefu, ingawa najua ndio mila ya vitabu. Mwaka 1870 hiyo hiyo, mmisionari Thomas Wakefield wa karibu na Mombasa alichapisha katika jarida la Chama cha Jiografia cha London njia za misafara ya kutoka pwani kwenda ndani, naye tangu mwanzo wa makala akamtaja aliyempa habari nyingi: Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Hakwenda Wakefield kwenye njia hizo. Alizipata mdomoni mwa Sadi. Ukisoma historia za tiba zinavyomsifu Christie hutakuta akina Sadi wake. Na hao ndio waliokuwa wamepita wenyewe, wakawazika wenzao njiani, wakarudi na takwimu zao vichwani. Ikiwa utafiti ni kukusanya habari, kuzipima na kuzipanga, basi kukusanya kulifanywa na wapagazi na wafanyabiashara, na kupima na kupanga kukafanywa na daktari. Sisemi kwamba kazi ya pili ni ndogo. Nasema ziko mbili.

Wengi katika waliopita njia hizo hawakupita kwa hiari yao. Christie aliishi mjini wakati soko la watumwa likiwa wazi, kwani lilifungwa Juni 1873, na mwaka 1871 alitoa mchango wake katika kitabu kimoja kuhusu biashara hiyo pamoja na Askofu Tozer na H. A. Fraser, akieleza utumwa wa Unguja ulivyo. Hakuhitaji kwenda mbali kupata habari zake. Daktari wa mji ule aliona miili ya watumwa kila siku. Mtu aliyeletwa kwa minyororo kutoka Ziwa Nyasa alikuwa, kwa macho ya gonjwa, msafiri kama msafiri mwengine, ila yeye alibanwa zaidi, akalishwa vibaya, akafa upesi.

Kipindupindu hakijasahaulika mjini, likaja jingine. Katikati ya mwaka 1870 watu walianza kuanguka kwa homa ya ghafla. Mtu anatoka nyumbani mzima, anarudi amebebwa. Viungo vinamkaza, magoti, vifundo vya mikono na vya miguu vinamuuma hata hawezi kusimama, kisha ngozi inatoka vipele. Wachache sana walikufa, lakini nyumba nzima nzima zililala. Homa ikiondoka, maumivu ya viungo yanabakia, kwa wengine muda mrefu. Miezi ile ile, Oktoba 1870, Sayyid Majid alifariki na Barghash akakalia kiti, hivyo kubadilika kwa ufalme kulifanyika katika mji wa watu wanaochechemea.

Wazungu hawakuwa na jina la ugonjwa huo hapa. Wenyeji walikuwa nalo, tena tayari: kidinga pepo. Wazee walisema si mgeni, uliwahi kuja zamani, na Christie alihesabu nyuma akaona ni kiasi cha 1823. Ninaweza kukisia hesabu hiyo ilivyofanywa. Sayyid Said alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Mzee akisema kidinga kilipita kabla ya Sayyid kuja, tayari umeshapata ukuta wa kuegemea. Christie aliandika habari za kidinga pepo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872, akalifasiri jina hilo kuwa ni mkazo wa ghafla unaoletwa na pepo.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na majina ya homa zaidi ya yale niliyofundishwa chuoni. Ipo ya vipindi, ipo ya baridi, ipo ya mafua, na ipo ya viungo, ambayo akiitaja alikunja vidole vyake kama makucha ya ndege ili tufahamu. Sisi wasomi tulicheka. Niliposoma maelezo ya Christie niliviona vidole vile.

Miaka ya baadaye, akiwa amerudi kwao, Christie aliendelea kulifikiria neno lile. Katika makala ya 1881 iliyotoka katika jarida la madaktari wa Glasgow alitoa hoja ambayo mpaka leo inatajwa kila mahali. Mwaka 1827 na 1828, miaka michache baada ya kidinga cha kwanza cha Unguja, homa ya namna hiyo ilivamia visiwa vya Karibi. Kule Kuba iliitwa dengue, na katika visiwa vilivyosema Kiingereza ikaitwa homa ya mlimbwende, kwa jinsi mgonjwa alivyotembea amekaza shingo kama mtu anayeringa. Christie akasema: dengue ni dinga. Neno la Kiswahili limevuka bahari mbili, na aliyelivusha ni mtumwa wa pwani ya Afrika ya Mashariki, maana meli za watumwa za zama zile zilichukua watu kutoka Msumbiji na Kilwa mpaka Kuba na Brazil. Wataalamu wa lugha hawakukubaliana wote juu ya hilo. Wako wanaosema neno dengue lilikuwapo tangu hapo katika Kispanyola, kwa maana ya madeko na maringo, na kwamba mawili hayo yalikutana tu. Mimi si mtaalamu wa lugha. Lakini naona si ajabu hata kidogo kwamba mtu aliyenyang'anywa kila kitu alibakia na jina la ugonjwa wake, na alipougua tena katika shamba la miwa alilitamka.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya kujivunia tu. Kumbe lina mkasa wake. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa Makonde huko Newala, lilizuka gonjwa la homa na viungo, na daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden wakalichunguza na kulieleza mwaka 1955. Virusi vyake vilipatikana katika damu ya mgonjwa, na jina likachukuliwa kutoka Kimakonde: chikungunya, kile kinachokunja mtu. Ni virusi vyengine kabisa, si vya dengi, ingawa mbu anayevibeba ni yule yule wa mchana, anayezaa katika mitungi na mapipa ya maji ya nyumbani. Ndipo mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliporudi kwenye maandishi ya zamani, akasoma upya kidinga pepo cha Christie: viungo, viungo, tena viungo, na maumivu yanayokaa baada ya homa kwisha. Akatoa hoja kwamba kile kilichopita Unguja mwaka 1823 na 1870 hakikuwa dengi. Kilikuwa chikungunya.

Fikiria basi. Watu wa Unguja waliupa ugonjwa wao jina. Jina likapanda meli, likashuka ng'ambo ya bahari, na hatimaye likafungwa kwa ugonjwa mwengine, na dunia nzima ikalitumia kwa huo mwengine. Ugonjwa wetu wenyewe ukabakia bila ya jina mpaka Wamakonde walipoupa jipya, miaka themanini na kitu baadaye. Damu ya wagonjwa wa 1870 haipo, hivyo hakuna maabara itakayoweza kutoa hukumu. Ushahidi wote uliobakia ni maneno ya watu jinsi Christie alivyoyasikia na kuyaandika. Na yaliandikwa vizuri kiasi kwamba baada ya miaka mia daktari wa pili aliweza kuyatumia kumsahihisha wa kwanza. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa mtafiti. Kazi zangu mimi ni karatasi zenye neno moja, na hakuna atakayeweza kunisahihisha kwazo.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Aliandika kama Mzungu wa zama zake, na kurasa zake kuhusu makabila zina majivuno ambayo leo msomaji huziruka. Aliondoka, na kitabu kikachapishwa kwa lugha ambayo waliompa habari hawakuweza kuisoma. Barghash ndiye aliyewafanyia kitu watu wa mji huu: katika miaka ya 1880 alivuta maji ya chemchemi za Chemchem na Bububu kwa mifereji mpaka mjini, watu wakapata maji yasiyotoka katika visima vya uani. Walakini mji ulikua kuliko mifereji, na Ng'ambo ikakua kuliko mji.

Kipindupindu kilirudi Unguja mwaka 1978, na tangu hapo kimekuja mara nyingi, aghalabu mvua za masika zinapofurisha vyoo. Mwaka 2009, katika maeneo ya Unguja na Pemba yaliyokuwa yakiathirika sana, watu wapatao 48,000 walialikwa kunywa chanjo ya kipindupindu, dozi mbili, na karibu nusu yao wakakamilisha. Wafuatiliaji walikwenda nyumba kwa nyumba kuandika nani anaishi wapi, amekunywa au hakunywa, na nani aliugua baadaye. Matokeo yalichapishwa London mwaka 2012: chanjo ilikinga kwa kiasi cha asilimia 79 kwa waliokunywa dozi zote mbili, na hata majirani wasiokunywa walipata kinga kidogo kwa kuzungukwa na waliokunywa. Jina la kwanza katika orodha ya waandishi ni Ahmed Khatib, wa Wizara ya Afya ya Zanzibar. Chini yake kuna majina mengi, ya huku na ya nje.

Na mwaka 2014 homa ilipoenea Dar es Salaam, redio ilitangaza kwamba nchi imeingiwa na ugonjwa wa dengue. Jirani yangu, mtu wa makamo, aliniuliza hiyo dengue ni kitu gani, imetoka nchi gani. Nilimletea kamusi ya Kiswahili, nikamwonyesha neno kidingapopo, akalisoma mara mbili kwa sauti, kisha akasema mbona hilo ndilo walilokuwa wakilisema wazee.